Kawia ufike: Mama aliyeanza kompyuta akikaribia miaka 30, akaiunganisha nchi yake na dunia

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu za wazazi hazipumziki. Mmoja anafungua tovuti ya chuo kumwombea mwanawe nafasi, mwingine anatafuta namba ya kulipia, wa tatu analalamika kwamba mtandao umekwama na mwisho wa kutuma maombi ni kesho. Mtandao ukikwama, lawama zote zinakwenda kwa “watu wa kompyuta” wa chuo. Usipokwama, hakuna anayewakumbuka. Kazi yao ndivyo ilivyo: ikifanyika vizuri haionekani.

Wakati huohuo, sebuleni kuna mazungumzo mengine. Mtoto aliyetarajiwa kusoma udaktari anasema anataka kompyuta. Binti aliyemaliza mwaka mmoja wa ualimu anataka kuhama kozi. Kijana wa miaka 26 anataka kurudi darasani kuanza upya, na baba yake anauliza kwa sauti ya juu: “Sasa wewe utaanza maisha lini?”

Mzazi aliye katikati ya mabishano ya namna hiyo anaweza kupata faraja katika maisha ya mwanamke wa Uruguay anayeitwa Ida Holz. Agosti 3, 2013, katika hafla iliyofanyika Berlin, Ujerumani, jina lake liliingizwa kwenye Ukumbi wa Watu Mashuhuri wa Intaneti, orodha ya heshima iliyoanzishwa na Jumuiya ya Intaneti mwaka mmoja kabla. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kuingia humo. Alikuwa na umri wa miaka 78.

Holz hakupata heshima hiyo kwa kumiliki kampuni kubwa wala kwa kuwa tajiri. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia katika kituo cha kompyuta cha chuo kikuu cha umma, katika nchi yenye watu wapatao milioni 3 na nusu. Na njia iliyomfikisha hapo ilikuwa na kona nyingi kiasi kwamba, kama angekuwa mtoto wa jirani, watu wangesema amepoteza mwelekeo.

Mtoto wa wahamiaji

Ida Holz alizaliwa Poland mwaka 1935, katika familia ya Kiyahudi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, akiwa bado mtoto mdogo, familia yake ilihamia Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, nchi iliyobanwa kati ya majirani wawili wakubwa, Brazil na Argentina.

Safari hiyo ilikuwa suala la kufa na kupona. Septemba 1939 majeshi ya Hitler yaliivamia Poland, na katika miaka iliyofuata Wayahudi wapatao milioni 3 wa nchi hiyo waliuawa. Binti huyo alikulia upande wa pili wa bahari, katika nchi ya Kihispania, kwa sababu wazazi wake walikubali kuanza maisha upya ugenini.

Alipofika umri wa ujana alikwenda Israel. Huko aliishi kwenye kibbutz, kijiji cha ushirika ambako watu hulima pamoja na kugawana mapato, jambo ambalo kwa msomaji wa Tanzania linakumbusha vijiji vya ujamaa. Alitumikia pia jeshini. Baada ya miaka kadhaa alirudi Uruguay na kuanza kusoma hesabu katika chuo cha walimu.

Mzazi anayehesabu miaka kwa vidole angekuwa ameshaanza kuingiwa na wasiwasi. Wenzake wa rika lake wana kazi na wengine wana watoto. Yeye amekuwa mkulima, askari, na sasa ni mwanafunzi wa ualimu.

Darasa jipya akikaribia miaka 30

Mwaka 1964, akikaribia miaka 30, Holz aliingia Kitivo cha Uhandisi cha Universidad de la República, chuo kikuu cha umma cha Uruguay. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1849 na kwa zaidi ya karne moja kilikuwa chuo kikuu pekee nchini humo. Masomo ya shahada ya kwanza hayana ada, kwa hiyo mtoto wa fundi cherehani na mtoto wa waziri wangeweza kukaa benchi moja.

Kompyuta wakati huo haikuwa fani ambayo mzazi angeweza kuitaja kwa majirani wakaelewa. Hapakuwa na kompyuta ya mezani wala ya kubeba. Kulikuwa na mashine zilizojaza chumba kizima, zilizohitaji ubaridi mchana na usiku, na zilizolishwa maagizo kwa kadi ngumu za karatasi zilizotobolewa matundu. Mwanafunzi aliandika programu yake, akaitoboa kwenye kadi, akakabidhi bunda la kadi na kusubiri. Tundu moja likikosewa, kazi yote ilirudishwa na alianza kutafuta kosa.

Mwaka 1966 jambo lilitokea nchi jirani likaibadili Uruguay. Utawala wa kijeshi wa Argentina ulivamia Chuo Kikuu cha Buenos Aires, polisi wakawapiga wahadhiri na wanafunzi kwa virungu. Wasomi wengi waliondoka. Mmoja wao, mwanahisabati Manuel Sadosky, aliyekuwa ameongoza kazi ya kuleta kompyuta ya kwanza ya chuo hicho, iliyopewa jina la utani Clementina, alivuka mto hadi Montevideo na kusaidia kujenga kituo cha kompyuta cha chuo kikuu cha huko.

Holz alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa wa fani hiyo nchini Uruguay. Hesabu alizosoma kwa nia ya kuwa mwalimu zikawa ndizo msingi wa kazi mpya, maana kuandika programu ni kupanga mawazo hatua kwa hatua bila kuruka hata moja. Hapo mzazi aone jambo la kwanza: kozi ambayo mtoto ameiacha njiani si lazima iwe hasara. Alichojifunza huenda kikahitajika kwenye kazi ambayo leo haina hata jina.

Mwaka 1973 kila kitu kikavunjika

Juni 27, 1973, Rais Juan María Bordaberry, akiungwa mkono na jeshi, alilivunja bunge la Uruguay. Miezi minne baadaye serikali ilikitia mkononi chuo kikuu. Viongozi wa chuo walikamatwa, wahadhiri wengi walifukuzwa kazi, wengine walifungwa na wengine walikimbia nchi. Kituo cha kompyuta, kilichokuwa kimeanza kusimama, kilibaki bila watu wake.

Holz alikwenda uhamishoni Mexico pamoja na mumewe, mchoraji Anhelo Hernández. Msomaji wa Bujumbura au Bukavu hahitaji kuelezwa maana ya kufunga nyumba bila kujua kama mtairudia. Kwa Holz ilikuwa mara ya pili kuondoka: utotoni alibebwa na wazazi, safari hii alikuwa mtu mzima, katikati ya miaka yake bora ya kazi.

Mexico aliifanya kazi yake ya kompyuta katika ofisi za serikali zilizoshughulika na takwimu. Ilikuwa nchi kubwa, yenye ajira na nafasi ya kupanda cheo. Miaka ikapita. Udikteta wa Uruguay ulidumu karibu miaka 12, muda wa mtoto kutoka kuzaliwa hadi kumaliza shule ya msingi. Wengi waliozoea ugenini katika muda wa namna hiyo hawarudi tena, na hakuna anayewalaumu.

Machi 1985 serikali ya kiraia iliingia madarakani Montevideo. Holz akarudi.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini si siku ileile

Chuo alichorudia hakikuwa kile alichokiacha. Kilikuwa kinajaribu kuwarudisha wahadhiri waliotawanyika, na katika fani ya kompyuta kilikuwa kimeachwa mbali na dunia. Katika miaka ambayo Uruguay ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, kwingineko kompyuta ndogo zilikuwa zimeingia maofisini na vyuo vya Marekani na Ulaya vilikuwa vinaandikiana kwa barua pepe.

Holz alishika uongozi wa SECIU, idara kuu ya kompyuta ya chuo kikuu, na akabaki hapo kwa takriban miaka 20, hadi mwaka 2005. Miaka 20 kwenye idara moja ya huduma, ambayo haitoi madaktari wala wanasheria, na ambayo wanafunzi wengi walimaliza masomo bila kujua iko jengo gani.

Kazi ya idara ya namna hiyo inajulikana kwa kila aliyepita chuoni. Ni kuhakikisha taarifa za wanafunzi hazipotei, vitivo vinaweza kuwasiliana, mhadhiri anapata anachohitaji kwa utafiti wake, na kifaa kilichoharibika usiku kinapona kabla ya asubuhi. Bajeti ni ndogo, malalamiko ni mengi. Lakini kwa kuwa Uruguay ilikuwa na chuo kikuu kimoja kikubwa cha umma, mtandao wa chuo ulikuwa karibu sawa na kusema mtandao wa nchi.

Barua zilizosubiri usiku

Mzazi anayetuma picha ya mtoto kwa bibi yake kijijini na kuona alama mbili za kufika ndani ya sekunde moja huenda asiamini barua pepe za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilivyosafiri katika Amerika ya Kusini.

Kompyuta ya chuo ilikusanya barua zote za siku hiyo na kuzihifadhi. Ilipofika saa iliyopangwa, mara nyingi usiku gharama zikiwa chini, ilipiga simu ya kawaida kwa kompyuta ya chuo kingine. Zikishaungana, zilibadilishana mafurushi ya barua, kisha simu ikakatwa. Kompyuta ya pili nayo ilipiga simu kwa ya tatu. Ni kama barua anayopewa kondakta wa basi la mkoani: inalala stendi, inabadilisha basi, na siku ya pili au ya tatu inamfikia mwenyewe. Laini ya simu ikikatika katikati, kazi inarudiwa.

Kwa njia hiyo mtafiti wa Montevideo aliweza kumwandikia mwenzake wa Ulaya bila kusubiri wiki kadhaa za posta. SECIU ilikuwa kitovu cha mawasiliano hayo, na kutokana nayo ukazaliwa mtandao wa wasomi wa Uruguay uitwao RAU. Mwaka 1994 nodi ya kwanza ya intaneti nchini humo iliwekwa kupitia kazi ya idara hiyo. Siku hizo hakuna mzazi wa kawaida aliyejua kwamba jambo hilo lingemgusa.

Ufunguo wa nyumba

Kuna jambo jingine ambalo watu wa SECIU walilifanya mapema, na ambalo linaeleweka vizuri kwa mfano wa nyumba.

Kila nchi ina herufi zake mbili mwishoni mwa anwani za tovuti. Tanzania ina .tz, Kenya ina .ke, Uganda ina .ug. Uruguay ilipewa .uy mwaka 1990, na waliokabidhiwa kuitunza walikuwa chuo kikuu, kupitia idara iliyoongozwa na Holz. Anayetunza herufi hizo ndiye anayeshika daftari la majina: nani ana anwani gani, na mtu akiiita apelekwe wapi. Daftari hilo likivurugika, tovuti za nchi hazipatikani hata kama kompyuta zenyewe ni nzima.

Kilichomaanisha ni kwamba daftari la nchi lilikaa nyumbani, mikononi mwa taasisi ya umma ambayo haikulitafutia faida. Baadaye anwani za kibiashara zilikwenda kwa kampuni ya simu ya taifa, ANTEL, lakini SECIU ilibaki na daftari kuu. Nchi ndogo ilikuwa na ufunguo wa nyumba yake kabla watu wengi hawajajua kwamba kuna nyumba.

Majirani waliopitia kwa mtu wa tatu

Tatizo lililofuata halikuweza kutatuliwa na nchi moja. Kwa miaka mingi, mawasiliano kati ya vyuo vya nchi mbili jirani za Amerika ya Kusini yalipitia Marekani. Ni sawa na mtu wa Moshi anayekwenda Arusha kupitia London, na nauli ya kwenda na kurudi analipa yeye. Hata namba ambazo kila kompyuta inahitaji ili itambulike kwenye intaneti zilitolewa na shirika lililoko Marekani.

Holz alikuwa miongoni mwa watu wa vyuo vya eneo hilo waliokutana mwaka baada ya mwaka kutafuta njia yao wenyewe. Matunda mawili yalionekana. La kwanza ni LACNIC, shirika linalogawa namba za intaneti kwa Amerika ya Kilatini na Karibi, lililotambuliwa rasmi mwaka 2002. Makao yake makuu yako Montevideo, na Holz anahesabiwa kati ya waanzilishi. La pili ni RedCLARA, ushirika wa mitandao ya vyuo vikuu wa eneo hilo, ulioundwa mwaka 2003.

Habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Afrika ilipita njia hiyohiyo. Namba za intaneti za Afrika nazo zilikuwa zikitolewa na mashirika ya mabara mengine, hadi AFRINIC, yenye makao Mauritius, ilipotambuliwa mwaka 2005. Katika orodha ya Berlin ya mwaka 2013, pamoja na Holz, walikuwamo Nii Quaynor wa Ghana, mwenyekiti wa kwanza wa AFRINIC na mwalimu wa kompyuta wa chuo kikuu, na Anriette Esterhuysen wa Afrika Kusini.

Vyuo vya Afrika Mashariki navyo vilitegemea satelaiti kwa gharama kubwa na kasi ndogo, hadi kebo ya kwanza ya baharini, SEACOM, ilipoanza kazi mwaka 2009. Leo Kenya ina KENET, Uganda ina RENU na Tanzania ina TERNET, mitandao inayounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti, na kwa upana zaidi kuna UbuntuNet Alliance ya Afrika Mashariki na Kusini. Mwanafunzi anayefungua simu yake chuoni na kuona wifi ya eduroam anatumia kazi ya watu hao. Wengi wao hakuna anayejua majina yao, hata wakuu wa vyuo vyao.

Kompyuta kwa kila mtoto, na somo lake

Mei 2007, katika mji mdogo wa Villa Cardal nchini Uruguay, watoto wa shule ya msingi walikabidhiwa kompyuta mpakato ndogo za rangi nyeupe na kijani. Zilikuwa zao: wangezitumia darasani na kurudi nazo nyumbani. Huo ulikuwa mwanzo wa Mpango wa Ceibal. Oktoba 2009 Uruguay ilikuwa nchi ya kwanza duniani kumpatia kompyuta kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma: wanafunzi wapatao 362,000 na walimu 18,000.

Mpango huo uliongozwa na maabara ya teknolojia ya taifa, nao una mashujaa wake wengine. Hata hivyo haukuanzia kwenye ardhi tupu. Ulikuta nchi ambayo kwa miaka 20 ilikuwa imeshajifunza kuendesha mtandao wake, na yenye mafundi waliosomea hapohapo.

Kwa wazazi, sehemu inayofundisha zaidi ni kilichofuata. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu hichohicho walitoa matokeo ya utafiti wao: hawakuona kwamba kompyuta hizo, kwa kukabidhiwa tu, zimepandisha alama za watoto katika hesabu na kusoma. Uruguay haikuvitupa vifaa hivyo. Iliongeza nguvu kwa walimu na kwenye masomo yenyewe, ikiwamo kufundisha Kiingereza kwa video katika shule ambazo hazikuwa na mwalimu wa somo hilo. Virusi vya corona vilipofunga shule Machi 2020, nchi hiyo ilikuwa na mahali pa kuwahamishia watoto siku ileile, wakati mamilioni ya watoto wengine duniani walibaki bila somo kwa miezi.

Mzazi anayejinyima ili kumnunulia mtoto simu kubwa au kompyuta ya shule ana la kuchukua hapo. Kifaa ni mlango tu. Anayemvusha mtoto ni mtu anayekaa naye, anayemuuliza leo amejifunza nini, na anayejua lini pa kukizima.

Heshima akiwa hai

LACNIC ilimpa Holz tuzo ya utumishi wa muda mrefu mwaka 2009, kisha ikaja heshima ya Berlin mwaka 2013. Zote zilimkuta hai, mwenye masikio ya kusikia akishukuriwa. Hilo peke yake lina thamani. Katika jamii nyingi, za Afrika Mashariki zikiwamo, maneno mazuri kuhusu mtumishi wa umma husubiri msibani, yakasomwa kwenye wasifu mbele ya jeneza huku mwenyewe akiwa hayasikii.

Lakini kwa familia iliyo mezani na fomu za chuo, la kutazama zaidi ni tarehe. Alizaliwa 1935. Aligusa fani yake akikaribia miaka 30. Akaipoteza nchi yake akikaribia 40. Alirudi na kuanza kazi iliyomletea jina akiwa amevuka 50. Nodi ya kwanza ya intaneti ilipowekwa alikuwa na miaka 59, umri ambao watumishi wengi wanajaza fomu za kustaafu. Dunia ilimshukuru akiwa na miaka 78.

Hakuna mzazi anayeweza kumpangia mtoto safari ya namna hiyo, na hakuna anayepaswa kumtakia mtoto vita na uhamisho. Ila ratiba ambayo wazazi wengi wameibeba kichwani, kwamba shahada ni 23, kazi 24, nyumba 30, na anayepitwa ameshindwa, haina nafasi ya kumweka mtu kama Ida Holz. Ratiba hiyo ingemfuta kwenye orodha mwaka 1964, siku ileile alipofungua mlango sahihi.

Wahenga walisema kawia ufike. Anayechelewa kwa sababu amelala ni mmoja, na anayechelewa kwa sababu anatafuta ni mwingine. Kazi ya mzazi ni kuwatofautisha, na hilo halifanyiki kwa kupandisha sauti. Kijana wa miaka 26 anayetaka kurudi darasani anaweza kuulizwa maswali mepesi kuliko lile la baba yake: umeshaanza kujifunza nini mwenyewe? Nani anafanya kazi hiyo ili ukamwone? Ukikwama mwaka wa kwanza utafanya nini? Mwenye nia atakuwa na majibu, hata kama ni nusunusu. Asiye nayo atatazama dari.

Na kwa binti anayependa hesabu, hadithi hii ina uzito wa peke yake. Holz aliingia chumba cha kompyuta wakati kompyuta zenyewe zilikuwa za kuhesabika katika nchi nzima, na akaongoza idara hiyo kwa miongo miwili. Binti akisema anataka “vitu vya mitandao”, asiambiwe kwamba hiyo ni kazi ya wavulana wa kufunga nyaya. Apelekwe akaone.

Njia rahisi ipo. Karibu kila chuo na hata sekondari nyingi siku hizi zina mtu wa TEHAMA. Mara nyingi ofisi yake iko nyuma ya maktaba au chini ya ngazi, na watu huifuata wakiwa na hasira tu. Msimu huu wa maombi, mzazi anayempeleka mwanawe kukamilisha usajili anaweza kubisha mlango huo bila tatizo lolote, akaomba dakika 10 mtoto aonyeshwe kazi inavyofanyika. Na kabla ya kuondoka, amwambie mwenye ofisi ahsante.